Mkate Uliodhuru: Habari za Ngano na Ugonjwa wa Siliaki

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili mwanafunzi ayafuate kwa macho huku akisikiliza, na ayasome tena nyumbani.

MANENO YA KUJIFUNZA KABLA YA SOMO

Siliaki: ugonjwa wa utumbo unaoletwa na ngano kwa watu wengine.
Gluteni: kitu chenye kunata kilichomo ndani ya unga wa ngano.
Wanga: unga mweupe ulio ndani ya nafaka na mizizi, unaotupa nguvu.
Kunyauka: kupungukiwa na mwili, kama mmea uliokosa maji.

SOMO

 

Leo nitawaeleza habari za mkate. Labda utasema, "Mkate naujua. Nimeula asubuhi pamoja na chai." Ni kweli. Mkate wa ngano ni chakula chema, na mamilioni ya watu duniani huula kila siku bila kudhurika. Lakini wako watu wengine, yapata mmoja katika kila mia, ambao mkate huo huo huwaharibu utumbo. Zamani watoto wengi wa namna hiyo walikufa, na hakuna aliyejua sababu. Basi tutaona jinsi sababu hiyo ilivyotafutwa kwa miaka mingi, na jinsi ilivyopatikana. Kisha tutaingia jikoni kwetu tuone habari hizi zatufaa nini.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani sana. Yapata miaka 1,900 iliyopita aliishi mganga wa Kiyunani jina lake Aretaeus, mtu wa Kapadokia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Aliandika habari za wagonjwa ambao chakula kiliwapita tumboni bila kuwafaa, nao wakanyauka. Aliwaita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya "watu wa tumbo", na kutoka neno hilo tumepata jina la siliaki.

Karne nyingi zikapita. Mwaka 1887 daktari Mwingereza, Samuel Gee, alitoa mafundisho juu ya ugonjwa huu katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Aliwaeleza wenzake jinsi mtoto anavyokuwa: tumbo limevimba, mikono na miguu imekuwa myembamba, anaharisha choo kingi cheupe chenye harufu mbaya, wala hakui. Gee alisema jambo moja la maana sana, kwamba ikiwa mgonjwa huyu ataweza kupona, basi atapona kwa chakula.

Hapo alikuwa amekaribia mlango. Lakini chakula gani? Hakujua. Aliwakataza wagonjwa wake wali, akawaruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kuokwa pande zote mbili. Leo tunajua ya kuwa alikataza kisichodhuru, akaruhusu kinachodhuru! Alieleza pia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa baharini, kiasi cha lita moja kila siku. Mtoto yule alinenepa vizuri. Majira ya kome yalipokwisha, ugonjwa ukarudi. Na majira mengine yalipofika, mtoto alikataa kabisa kuwala.

Fikiri kidogo, ndugu mwanafunzi. Je, kome walikuwa dawa? Liweke swali hilo moyoni, maana tutalirudia.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Katika mji wa New York alikuwako daktari wa watoto jina lake Sidney Haas. Mwaka 1924 aliandika habari za watoto kumi wenye ugonjwa huu. Wanane aliwalisha ndizi nyingi kila siku, akawakataza mkate, biskuti, viazi na nafaka zote. Wote wanane walipata nafuu. Wawili ambao hawakulishwa hivyo walikufa. Habari hizi zilienea, na kwa miaka mingi madaktari wengi waliagiza ndizi kwa watoto wa siliaki. Wazazi katika nchi za baridi, ambako mgomba hauoti, walitafuta ndizi kama watu wanavyotafuta dawa.

Haas aliokoa maisha ya watoto, hilo hatumnyimi. Lakini aliamini kwamba ndizi zina nguvu ya pekee ya kuponya, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mzazi aliyeambiwa kwamba ndizi ndiyo dawa, alipomwona mtoto wake amepata nguvu, alifanya kama afanyavyo mtu aliyemaliza dawa: alimrudishia mkate. Na mtoto akarudi kuwa mgonjwa.

Aliyepata ufunguo wa jambo hili alikuwa Mholanzi, Willem Karel Dicke. Alizaliwa mwaka 1905, na mwaka 1936, alipokuwa na umri wa miaka 31 tu, alifanywa mkuu wa hospitali ya watoto ya Juliana katika mji wa The Hague. Wenzake walisimulia baadaye kwamba mama mmoja kijana alimwambia habari za mtoto wake aliyekuwa na siliaki: akimwondolea mkate, vipele vya mwili vilipungua upesi. Dicke hakudharau maneno ya mama yule. Alianza kuwaangalia wagonjwa wake kwa uangalifu, na mwaka 1941 aliandika juu ya chakula kisicho na ngano.

Wakati huo vita kuu ya pili ilikuwa ikipiganwa, na nchi ya Uholanzi ilikuwa imetekwa na Wajerumani. Mwezi wa Septemba mwaka 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma. Wajerumani wakazuia chakula kisipelekwe sehemu za magharibi, palipokuwa na miji mikubwa. Kisha baridi kali ikashika. Watu walikula mizizi ya kutengenezea sukari. Walikula hata vichwa vya maua ya tulipu, ambavyo kwa sura hufanana na vitunguu. Watu wapatao 20,000 walikufa. Waholanzi huita wakati ule "majira ya baridi ya njaa".

Katika njaa ile mkate ulikuwa adimu kwa kila mtu, hata kwa watoto wa hospitali. Dicke aliona jambo la ajabu: watoto wa siliaki hawakuzidi kuugua kama mtu angalivyodhania. Mwaka 1945 chakula kilianza kuja tena, kingine kikitupwa kutoka kwenye ndege, na mkate ukaonekana mezani. Watu walishangilia. Lakini watoto wa siliaki walianza kuhara upya. Yale aliyoyashuku tangu kabla ya vita sasa aliyaona kwa macho yake.

Hata hivyo Dicke hakuridhika na kuona tu. Vita vilipokwisha, yeye na wenzake, Weijers na van de Kamer, walifanya majaribio ya taratibu. Waliwaondolea watoto ngano kwa muda, kisha wakawarudishia, huku wakiwapima uzito na kuandika yote. Van de Kamer, ambaye alikuwa mtaalamu wa kemia, alipima mafuta yaliyopotea katika choo. Ngano ikirudi, mafuta yanapotea na uzito unashuka. Ngano ikiondoka, mtoto anakua. Mwaka 1950 Dicke aliyatoa maarifa haya mbele ya Chuo Kikuu cha Utrecht.

Likabaki swali moja. Ndani ya ngano, ni kitu gani hasa kinachodhuru? Hapa, ndugu mwanafunzi, unaweza kujionea mwenyewe. Twaa vikombe viwili vya unga wa ngano, ukande kwa maji mpaka uwe donge gumu. Liache dakika ishirini. Kisha liweke katika bakuli la maji, ulikamue polepole kwa vidole. Maji yatakuwa meupe kama tui. Weupe huo ni wanga. Mwaga maji, tia mengine, ukamue tena, mpaka maji yabaki meupe kidogo tu. Mkononi mwako litabaki donge dogo la rangi ya kijivu, linalovutika kama ulimbo. Hilo ndilo gluteni. Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni gundi. Mtaalamu wa Italia, Jacopo Beccari, alieleza jinsi ya kuitoa gluteni kwa njia hii katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1745.

Gluteni ndiyo inayofanya chapati ivutike na mkate uumuke. Ukifanya jaribio hili kwa unga wa mahindi, donge litavunjika vunjika lote ndani ya maji.

Mwaka 1952 madaktari wa Birmingham, Uingereza, waliwapa wagonjwa wanga wa ngano peke yake: haukuwadhuru. Walipowapa gluteni, ugonjwa ulirudi. Baadaye, kwa vyombo vipya, madaktari waliweza kutoa kipande kidogo sana cha utumbo wa mgonjwa na kukitazama. Utumbo mzima ndani yake una vijinyama vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za zulia, navyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Kwa mgonjwa wa siliaki zulia hilo limelala, limekuwa kama sakafu tupu. Kwa hiyo anakula, lakini hashibi mwilini.

Sasa turudi kwenye swali letu la kome. Kome hawakuwa dawa, wala ndizi. Mtoto aliyeshiba kome au ndizi hakuwa na nafasi ya kula mkate mwingi. Kilichowaponya si kile walichopewa, bali ni kile walichoondolewa. Kwa kukosa kulijua neno hilo dogo, watu walihangaika miaka mingi.

Je, mambo haya ni ya Wazungu tu? Hapana. Jangwani huko Algeria, karibu na mji wa Tindouf, wako Wasahrawi walioikimbia nchi yao, Sahara ya Magharibi, kuanzia mwaka 1975. Zamani wengi wao walikuwa wafugaji, wakiishi hasa kwa maziwa na nyama ya ngamia. Siku hizi chakula chao kikubwa ni mkate. Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa watoto wao: katika kila watoto mia, watano au sita walikuwa na siliaki. Ni hesabu kubwa sana. Unga uliokuja kuwaokoa na njaa uliwadhuru baadhi yao.

Basi tuingie jikoni kwetu. Chakula cha mgonjwa wa siliaki ni lazima kisiwe na ngano, wala shayiri, wala rai, ambayo ni nafaka ya nchi za baridi. Ashike mwiko huo maisha yake yote. Kwa Mholanzi hilo ni gumu, maana mkate ndio chakula chake. Kwetu sisi Mungu ametujalia vyakula vingi. Mtama, uwele na ulezi ni nafaka za kale za Afrika. Mahindi na muhogo asili yao ni bara la Amerika, ndizi na mchele zilitoka Asia, na vyote vimekuwa vyetu. Hakuna hata kimoja chenye gluteni inayodhuru. Ugali wa dona au wa muhogo, wali, ndizi za kupika, viazi, maharage, kunde, samaki, nyama, mayai na mboga: vyote vyafaa kwa nyumba nzima, wala haihitajiki sufuria mbili za chakula.

Shida yetu iko katika vyakula vya chai na vya sikukuu. Chapati, maandazi, sambusa, kalimati, keki, biskuti na tambi ni vya ngano. Mtoto asifikiriwe siku ya kula ugali tu. Afikiriwe siku ya Idi au ya Krismasi, wenzake wanapogawiwa chapati. Siku hiyo mpikie vitumbua vya mchele au mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, kisha wape na wenzake. Hapo hatajiona ametengwa.

Dukani na mashineni jihadhari na mambo manne. Kwanza, unga wa uji wa lishe mara nyingi ni mchanganyiko. Uliza kama una ngano, au nunua nafaka yako usagishe mwenyewe. Pili, mashine iliyosaga ngano hubakiza unga ndani. Omba mashine isafishwe kwanza, au nenda kwa msagishaji asiyesaga ngano. Tatu, mafuta yaliyokaanga maandazi yasikaange chakula cha mgonjwa. Nne, soma maandishi ya pakiti. Soseji na sosi ya soya mara nyingi huwa na ngano, na bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri. Kwa kanuni za chakula za mataifa za mwaka 2008, chakula kinachouzwa kwa jina la "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Ona jinsi kiasi kidogo kinavyotosha kudhuru! Na hii ndiyo faida moja ya kujua kusoma: anayesoma pakiti hana haja ya kubahatisha.

Neno la mwisho ni la tahadhari. Si kila kuhara ni siliaki. Minyoo, maji machafu na maradhi mengine huharisha pia. Mtoto akiharisha siku nyingi na asikue, mpeleke hospitali. Wala usimwondolee ngano kabla ya kupimwa, maana kipimo cha damu chaweza kukosa kuonyesha ugonjwa kwa mtu aliyekwisha kuacha ngano. Mweleze daktari yote uliyoyaona: mtoto alikula nini, na lini alizidiwa. Usiyaone hayo kuwa maneno madogo. Mama yule wa Uholanzi aliyasema, daktari akasikiliza, na leo wapo wazee wanaoishi kwa sababu hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watoto waliolishwa ndizi walipata nafuu?
2. Dicke aliona nini wakati wa njaa, na baada ya mkate kurudi?
3. Fanyeni jaribio la kukamua unga. Andika mistari mitatu juu ya yale uliyoyaona.
4. Taja vyakula vitano vya nyumbani kwako visivyo na ngano, na vitatu vyenye ngano.
5. Je, umewahi kudhani kitu fulani ni dawa, kumbe nafuu ilitoka kwingine? Waeleze wenzako.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.