Wayaaku na Lugha ya Asali

Twadhani mara nyingi kwamba lugha ya kabila hufa kwa vita au kwa njaa. Habari za Wayaaku zatuonyesha njia nyingine: lugha yaweza kutoka nyumbani kwa mlango wa ndoa.

Wayaaku ni kabila dogo la Kenya. Wanakaa Mukogodo, penye msitu, upande wa kaskazini wa mlima Kenya. Zamani walilala mapangoni, wakawinda nyama na kutunza nyuki. Mtu akitaka kuoa, alitoa mizinga ya nyuki kwa wazazi wa binti. Lugha yao ilikuwa jamaa ya mbali ya Kisomali.

Jirani zao wenye kusema Kimaa walifuga ng'ombe. Asiye na ng'ombe walimwita Torrobo, maana yake maskini. Tena mwaka 1911 serikali ya Waingereza ilipatana na Wamasai wahame Laikipia, ili Wazungu wapate mashamba. Baadaye wafugaji wengine wa Kimaa wakawekwa karibu na Mukogodo.

Basi wakaanza kuoa binti za Wayaaku, wakatoa ng'ombe. Baba aliyekwisha kupokea ng'ombe, je, atataka mizinga tena? Kijana wa Kiyaaku naye ataoa kwa mali gani? Ilimlazimu kutafuta mifugo, na pamoja na mifugo desturi za wenye mifugo. Miaka ya 1920 na 1930 mambo yote yaligeuka. Yasimuliwa kwamba wazee walikaa barazani, wakakata shauri kuacha Kiyaaku na kusema Kimaa. Hakuna askari aliyewashurutisha.

Miaka ya 1970 mtaalamu Mdachi, Bernd Heine, alipoandika habari za lugha hiyo, waliobaki kuijua walikuwa wazee tu. Lakini tuangalie jambo moja: katika Kimaa cha Wayaaku yalidumu maneno ya zamani ya nyuki, ya uwindaji na ya miti ya msitu. Kimaa hakikuwa na maneno ya kutosha kwa kazi hizo.

Siku hizi Wayaaku wenyewe wanatafuta tena jina lao, maneno yao na haki yao juu ya msitu. Kazi ni ngumu, kwani walimu ni wachache mno. Nasi tujue: dharau ya jirani ilianza, mali ya ndoa ikamaliza. Anayemcheka mwenzake kwa lugha ya mama yake, hajui anachobomoa.