Jaa Lililohama

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji. Taka za jiji zilikuwa zikimwagwa jirani na nyumba zao, na moshi, harufu na nzi viliwanyima raha usiku na mchana. Mahakama Kuu iliwapa haki, ikaamuru umwagaji ukome. Hata hivyo halmashauri iliendelea kuomba muda, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa kuiongezea.

Siku hizo nilikuwa nimepanga chumba Magomeni. Dada yangu alikuwa akiishi Tabata na watoto wawili, mmoja wao ana pumu. Tulishangilia sana. Nikamwambia, "Dada, sasa mtoto atapumua." Naye akaniuliza, "Na taka zako wewe, mdogo wangu, zitakwenda wapi?" Nilicheka tu.

Jibu halikuchelewa. Malori yalielekezwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo wa 1991, nao wakashinda. Baadaye jaa lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa mmoja ulipotua mzigo, mtaa mwingine ulitwishwa. Mahakama iliweza kuyazuia malori. Haikuweza kuizuia ndoo yangu.

Ndugu msomaji, nyani haoni kundule. Jioni moja, jaa likiwa Vingunguti, niliimwaga ndoo hiyo uani juu ya gazeti kuukuu, nikaipekua. Nilikuta maganda ya ndizi na viazi, ukoko wa ugali, mabua ya mchicha, na mifuko ya rambo niliyoichukua dukani kwa kitu ambacho kingeenea mkononi. Sehemu kubwa ilikuwa mabaki ya chakula tu.

Nyumbani kwa mama, kijijini, vitu hivyo havikuitwa taka. Maganda yalikuwa ya mbuzi, majivu na majani yalikwenda mgombani, na sokoni mama alikwenda na kikapu chake cha ukili. Hakusoma habari za mazingira, ila alijua kwamba hakuna lori litakalokuja. Mimi niliyepata lori niliacha kufikiri.

Basi nilichimba shimo la mboji pembeni mwa ua. Mwenye nyumba alinuna, mpaka alipoonja mchicha uliotoka hapo. Kikapu nacho nikanunua, ingawa mara nyingi nilikisahau nyumbani na kurudi na rambo mbili. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, majirani walihangaika kutafuta cha kubebea. Mimi kikapu kilikuwa kimekwisha kuzoea mkono wangu. Sisemi hayo kwa kujisifu, maana ilinichukua miaka mingi kutenda jambo ambalo mama alilitenda kila siku. Sheria imetusaidia kwa mifuko, lakini maganda ya ndizi yanamngoja kila mtu jikoni mwake.

Zamani ndoo yangu ilikuwa ikijaa mara tatu kwa wiki. Sasa huchukua wiki mbili. Kinachobaki bado hupakiwa, na kila lori linaponguruma nje nalikumbuka swali la dada. Huko linakokwenda yupo mtoto wa mtu, naye anataka kupumua.