Kubadilisha mota ya boti ya okazioni: anza na mbao ya nyuma

Kwenye ziwa Tanganyika, toka Uvira mpaka Kalemie, mtu akinunua boti ya okazioni, mara nyingi anawaza mota kwanza. Hapana: anza na mbao ya nyuma, pale mota inafungwa. Ichome na ncha ya kisu. Kisu kikiingia bila nguvu, mbao imeoza. Mota inaweza kung'oka katikati ya ziwa, watu wakiwa ndani.

Kisha pima toka juu ya mbao ile mpaka chini ya boti. Karibu sentimita 38, tafuta mota ya mguu mfupi. Karibu 51, mguu mrefu. Mguu usipofika, helisi inavuta hewa na boti haisogei.

Mwisho, funga mota na mnyororo pia. Vizibiti vikilegea, haitazama.