Kifafa, Dawa Zake na Moyo

Neno kifafa latokana na kitenzi kufa: mzizi umerudufiwa, ukatiwa kiambishi ki-. Aliyepata kumwona mgonjwa akianguka na kukakamaa, kisha akazinduka, hataona ajabu kwamba lugha iliyataja maradhi haya kama mauti yasiyotimia.

Waganga wa Ulaya nao walikawia kupata dawa. Mwaka 1857 Charles Locock wa London alitaja bromaidi ya potasiamu. Mwaka 1912 Alfred Hauptmann, Mjerumani, akadhihirisha nguvu ya fenobabitali. Hiyo ndiyo Dkt. Louise Jilek-Aall aliyowapa wagonjwa wa Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, tangu mnamo 1960. Huko wenye kifafa walikuwa wakilishwa peke yao, kwa kuwa mate yao yalidhaniwa huambukiza.

Fenitoini ina kisa cha peke yake. Merritt na Putnam waliitangaza mwaka 1938, baada ya kuwajaribu paka kwa umeme. Mwaka 1950 Harris na Kokernot wakaona kwamba hutuliza pia mioyo ya mbwa iliyopotoka mapigo. Basi dawa ya ubongo ikawa dawa ya moyo! Waama, dawa iyo hiyo ikitiwa mshipani kwa haraka huweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo. Ndiyo maana mtu mzima hapewi zaidi ya miligramu 50 kwa dakika. Tena, ikimezwa miaka mingi, huchochea ini na aghalabu kolesteroli hupanda. Hata hivyo, mgonjwa aiachaye ghafula kwa kuuhofia moyo wake hujiletea kifafa kisichokatika, ambacho huweza kumwua siku iyo hiyo.