India: Zawadi ya Fedha na Ushahidi Wake

India ni jirani yetu wa ng'ambo ya bahari, na ujirani huo umo hata katika maneno yetu ya fedha. Laki na hundi ni maneno yaliyovuka na pepo za kaskazi pamoja na wafanyabiashara. Umo vilevile katika sheria. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika katika mahakama za Tanganyika hadi Bunge la Tanzania lilipotunga sheria yake mwaka 1967. Moja ya kanuni zake, iliyokuwamo katika kifungu cha 106, ilisema kwamba jambo ambalo hasa linajulikana na mtu fulani, ni juu ya mtu huyo kulithibitisha. Askari wa upelelezi wataitambua kanuni hiyo mara moja. Nchini India kanuni ya namna hiyohiyo ilitawala jambo linaloonekana dogo, nalo ni zawadi ya fedha iliyotajwa mbele ya ofisa wa kodi ya mapato.

Kwa asili zawadi si pato. Aliyeitoa huchukuliwa kuwa amekwisha kulipa kodi yake, na aliyeipokea hakuifanyia kazi. Kwa sababu hiyo mtu ambaye vitabu vyake vimekutwa na fedha zisizo na maelezo huona neno "zawadi" kuwa kimbilio jema. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1962, iliweka kifungu cha 68 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kilieleza kwamba fedha ikionekana katika vitabu vya mlipa kodi, naye asieleze ni ya nini na imetoka wapi, au maelezo yake yasimridhishe ofisa, fedha hiyo yaweza kutozwa kodi kama pato lake. Neno "yaweza" lina uzito wake, nasi tutalirudia.

Ilikuwapo pia kodi ya zawadi yenyewe. Mtaalamu wa uchumi kutoka Cambridge, Nicholas Kaldor, aliipendekeza mwaka 1956, na Waziri Mkuu Nehru ndiye aliyeitangaza alipoisoma bajeti ya mwaka 1958 yeye mwenyewe. Kodi hiyo ilimwangukia mtoaji. Ilifutwa kwa zawadi zilizotolewa kuanzia tarehe 1 Oktoba 1998, na hadi tarehe 1 Septemba 2004 mtoaji hakutozwa wala mpokeaji hakutozwa. Siku hiyo ya mwaka 2004 ilianza sheria ya kuhesabu kuwa pato zawadi ya fedha inayozidi rupia 25,000 kutoka kwa mtu asiye jamaa. Jamaa wa karibu waliachwa nje, na zawadi za harusi pia. Lakini msamaha huo ulimfaa yule tu aliyekuwa na zawadi ya kweli, na swali la ukweli lilibaki palepale.

Hila yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwenye fedha za siri humpa dalali noti taslimu. Dalali huziweka katika akaunti ya mtu wa kipato kidogo, pengine karani au mchuuzi. Kesho yake mtu huyo huandika hundi ya kiasi kilekile, akatia sahihi hati ya kiapo kwamba amemtunukia fulani kwa mapenzi, naye dalali akakata ujira wake. Makaratasi yote yamekamilika: hundi ipo, benki imeshuhudia, kiapo kimeapwa. Kinachokosekana ni zawadi.

Kwa hiyo mahakama za India zilidai mambo matatu kwa mpokeaji: mtoaji ni nani, uwezo wa kutoa ameupata wapi, na je, tendo lenyewe ni la kweli. Swali la tatu ndilo gumu. Mwaka 1971 Jaji K. S. Hegde wa Mahakama ya Juu alieleza kwamba kinachoonekana kihesabiwe kuwa kweli mpaka zionekane sababu za kukishuku, lakini wenye kukadiria kodi hawalazimiki kujifunga kitambaa machoni kila waonyeshwapo hati. Mwaka 1995 mahakama hiyohiyo ilipokea shauri la mwanamke aliyedai kwamba zaidi ya rupia laki tatu alizipata kwa kubahatisha katika mbio za farasi, tena kwa kushinda mara nyingi mno katika muda mfupi. Vyeti vya ushindi alikuwa navyo. Mahakama ilipima jambo hilo kwa mwenendo wa kawaida wa binadamu, ikakataa. Mwaka 2007 ikawa zamu ya familia iliyopokea zawadi kubwa kutoka ng'ambo, kwa mtu asiye ndugu yao. Mahakama Kuu ya Madras ilikuwa imekubali maelezo yao. Mahakama ya Juu ikatengua, ikisema kwamba fedha kupitia benki si hoja inayotosha.

Hata hivyo serikali yenyewe haikuwa na msimamo mmoja. Mwaka 1991, akiba ya fedha za kigeni ilipokaribia kwisha, Bunge la India lilitunga sheria ya muda iliyowakinga wapokeaji wa fedha kutoka nje wasiulizwe chanzo chake. Dola zilihitajiwa kuliko majibu. Kwa maoni yetu, ni vigumu kumlaumu raia kwa kupenda zawadi za ng'ambo baada ya dola kumfungulia mlango huo.

Turudi kwenye neno "yaweza." Mwaka 1954 kiwanda kimoja cha pamba cha Bengal kilishinda rufaa kwa kuwa kilikadiriwa kodi kwa habari ambazo hakikuonyeshwa. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ofisa wa kodi hafungwi na kanuni zote za ushahidi wa mahakamani, lakini ikamkataza kukisia tu. Mwaka 1959 ikakariri kwamba shaka, iwe kubwa namna gani, haishiki mahali pa ushahidi. Mjane aliyetumiwa fedha na kaka yake hana barua wala mashahidi. Ofisa akimhesabu sawa na mteja wa dalali, kosa si lake mjane.

Kwa askari na polisi wa India jambo hili lilikuwa na upande wa pili, mkali zaidi. Sheria ya Kuzuia Rushwa ya mwaka 1988 ilimtia hatiani mtumishi wa umma mwenye mali isiyolingana na mapato yake yanayojulikana, na ilifafanua kuwa mapato hayo ni yale ya halali ambayo pia yaliarifiwa kwa mujibu wa kanuni za kazi yake. Maana yake, mtoaji aweza kuwa hai, mwenye uwezo, na akakiri mbele ya hakimu kwamba fedha ni zake na alizitoa kwa hiari. Lakini ikiwa kanuni zilimtaka ofisa yule aitoe taarifa ya zawadi hiyo, naye akanyamaza, haikuhesabiwa katika utetezi wake. Sharti hilo la kuarifu liliondolewa katika sheria ya rushwa mwaka 2018. Katika kanuni za nidhamu za watumishi wa serikali halikuondolewa.