Mla-Mayai, Kutoka Chupani Hadi Kwenye Kamera

Kwa muda mrefu nyoka wa Afrika aliingia katika elimu ya viumbe akiwa maiti. Linnaeus alimpa nyoka mla-mayai jina la kisayansi mwaka 1758 akiwa Sweden, naye hakuwahi kukanyaga bara hili.

Mzoga una mengi ya kupimwa, lakini hauna vituko, na mla-mayai ni vituko vitupu. Akishtuliwa hujipinda, husugua magamba ya ubavuni yenye kingo za msumeno mpaka yatoe mlio mkali, kisha huasama na kurusha kichwa kama kifutu mwenye hasira. Sumu hana hata tone, na meno yake ni ya kuhesabika. Vitisho hivyo humfukuza mnyama mwingine. Lakini binadamu, vitisho hivyo humfanya atafute fimbo.

Arthur Loveridge, mzaliwa wa Wales, alifika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi katika makumbusho. Baadaye alitumikia idara ya wanyamapori Tanganyika, na mwaka 1924 akahamia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Alirudi kukusanya viumbe katika milima ya Uluguru na Usambara. Asiye na madhara na mwenye sumu wote waliishia mahali pamoja: ndani ya chupa. Mkamata-nyoka Ionides, aliyeitwa Bwana Nyoka kule kusini mwa Tanganyika, yeye alisifika kwa kuwakamata nyoka wakiwa hai, ila mapenzi yake yalikuwa kwa wale wa kuua.

Kamera ilikuwapo zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alikwisha kuwapiga simba picha usiku, kwa mwako wa magnesi. Lakini nyoka mwembamba majanini hakuwa mteja wa mitambo mizito na sahani za kioo. Hata filamu ilipokuwa rahisi, desturi ilibaki ya mkato: nyoka akamatwe, wengine wamtie kwenye friji apoe, kisha alazwe juu ya gogo atulie. Picha hizo zina faida, kwani magamba huonekana barabara. Ila mla-mayai aliyeanikwa jiweni saa sita mchana, ilhali ni kiumbe wa usiku, ni habari ya uongo yenye mwanga mzuri.

Anayemvizia porini hupata kingine kabisa. Nyoka hupanda kwenye viota vya ndege, akalinusa yai kwa ulimi kabla ya kuasama, maana lililooza hulikataa. Taya hufunguka, ngozi ya shingo hutanuka mpaka magamba yaachane, na yai lililo nene kuliko kichwa chake huteremka zima. Miiba ya uti wa mgongo shingoni hulipasua. Ute na kiini hushuka tumboni, na ganda hutemwa likiwa limebanwa kama karatasi iliyokunjwakunjwa.

Kitabu kikubwa cha reptilia wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 2002, ambacho Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waandishi wake, kilijaa picha za rangi. Chupa, hata hivyo, hazijatupwa. Ndiyo maana mpigapicha mzoefu, akishapata picha ya nyoka mzima, husogeza lenzi apate ubavu wa kichwa: bila magamba yanayohesabika, hakuna cha kulinganisha na yale ya chupani.