Reli au Basi?

Sisi wa Kasumulu, mpakani na Malawi, reli hatuna. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Mbeya ikaenda zake Tunduma; kushuka Kyela haikushuka. Safari zetu ni za basi, na labda ndiyo maana habari za treni hutusisimua kuliko wanaokaa nayo jirani.

Kwa hiyo mwaka 2012, Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wetu wakati huo na Waziri wa Uchukuzi, alipoanzisha treni ya abiria ndani ya jiji la Dar es Salaam, tulijiona kama tumeijenga sisi. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe. Sifa yake, kwa maoni yangu, ni kwamba haikungoja reli mpya: mabehewa yalikarabatiwa yakapita njia za zamani, moja kutoka Ubungo hadi Stesheni. Ila njia zile zilitandikwa kwa ajili ya mizigo na safari za mbali. Kimara haikufika, wala Mbagala.

Kule watu walikohamia, basi ndilo lililowafuata. UDA iliundwa mwaka 1974. Ilipoelemewa, magari ya watu binafsi yakajaza pengo, kwanza kwa kujificha, kisha kwa ruhusa mwaka 1983. Hizo ndizo daladala, jina lililotokana na dala, yaani shilingi 5.

Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na barabara yake yenyewe. Hapo, ndugu msomaji, basi lilifanya kazi ya treni. Kasoro ni kwamba barabara ilikamilika lakini mabasi hayakutosha, na misongamano vituoni ikawa habari ya kawaida magazetini.

Addis Ababa walichagua reli ya umeme: kilomita 34, dola milioni 475, ikafunguliwa mwaka 2015. Miaka michache baadaye, treni nyingi kati ya 41 zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Fedha kama hizo mimi ningezitia kwenye mabasi, karakana na mafundi. Basi likiharibika njiani, jingine hulipita pembeni. Treni ikiharibika, huzifungia njia zote zilizo nyuma yake. Wapo wanaonijibu kwamba treni moja hubeba watu wengi zaidi. Ni kweli. Lakini ile ya Mwakyembe ilitembea asubuhi na jioni. Mchana abiria wale wale walirudi kwenye daladala.